Dumu la Mafuta ya Ufuta

Watu wa kijiji kile, kilichokuwa ndani kidogo kutoka mji mdogo wa Mtama, walimtania Restuta kwamba hata kuku wake hufuta miguu kabla ya kuingia uani. Alikuwa mwanamke wa usafi. Kila asubuhi alifagia ua hadi lilipoanzia shamba la mihogo, akachemsha maji ya kunywa, akayaacha yapoe, akayamimina mtungini na kuufunika. Choo chake kilikuwa na mfuniko wa mbao, na kando ya mlango palining'inia kibuyu cha maji ya kunawia mikono. Maganda na mabaki aliyafukia shimoni yakawa mbolea ya bustani yake ya mchicha. Tena hakutupa kitu ovyo. Kopo la maziwa likawa kipimo cha unga, gunia lililochanika likawa pazia, chupa ikawa koroboi. Mambo hayo alifundishwa na masista alipokuwa msichana, naye akayashika kwa imani kwamba maradhi hayaingii kwenye nyumba safi.

Alikuwa na sababu ya kuyashika. Watoto wake wawili wa kwanza walikufa wachanga. Aliyebaki ni Benadetha, waliyemwita Bena, hata miaka mitano alikuwa hajafikisha. Ndani ya nyumba walikuwamo pia mumewe Sipriani, mkulima wa korosho, na Bibi Helena, mama yake Sipriani, ambaye alimpenda mjukuu wake kupita kiasi.

Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa. Zamani korosho zilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, na dawa za mikorosho zilitoka chamani. Sasa wafanyabiashara walikuja na malori yao kutoka Lindi, Mtwara na hata Dar es Salaam, kila mmoja akinunua anachotaka na kuuza anachotaka. Mtama ikajaa mitumba, redio, sabuni za rangi, na dawa za kila namna za kupulizia mikorosho, nyingine zimemiminwa katika vyombo visivyo na maandishi yoyote.

Kipupwe kilipofika na mikorosho ikaanza kutoa maua, Dionis, rafiki yake Sipriani aliyekuwa na bomba la kupulizia, alizunguka shamba kwa shamba. Alipomaliza kwa Sipriani alimwachia dumu tupu la plastiki, la rangi ya buluu, zito, lenye kifuniko cha kukaza.

"Mpelekee shemeji," alisema. "Dumu imara kama hili dukani hulipati."

Restuta alilipokea kwa mikono miwili. Lilikuwa na harufu kali, basi akalisugua kwa mchanga, kwa majivu, kwa sabuni na maji ya moto, akalianika juani mpaka harufu ikaisha. Wakati huo ndio walikuwa wamevuna ufuta, naye alikuwa ameshakamua mafuta, yale mafuta mepesi ya rangi ya asali. Akayamimina humo, akakaza kifuniko, akalisimamisha dumu kwenye kona ya jiko.

Haukupita muda akaona kitu kilichompendeza. Jikoni hamkuwa na sisimizi tena. Mende aliwakuta chali chini ya kinu, akawafagia.

"Unaona, Mama?" alimwambia mama mkwe wake. "Usafi huo. Hata wadudu wamehama."

Bibi Helena alicheka. "Basi wewe ukifa, wadudu watafanya sherehe."

Kisha akafa paka. Alikuwa na tabia ya kulamba chungu cha mboga, na siku hiyo walimkuta nyuma ya jiko, povu mdomoni, miguu imekakamaa. Walisema ameumwa na nyoka. Sipriani akamfukia chini ya mpapai, na Bena akalia.

Jambo lenyewe lilianza siku ya Jumapili, wakitoka kanisani. Walikuwa wamekula wali na kisamvu kilichoungwa kwa mafuta. Bena aliinuka mkekani, akasema tumbo linamuuma, akatapika. Restuta alipomshika paji la uso aliona mtoto analowa jasho, lakini hana joto la homa. Mate yalimchuruzika yasimezeke. Misuli ya mapaja ilikuwa ikichezacheza chini ya ngozi, kana kwamba kuna vitu vidogo vinatembea mle ndani.

"Mama," alisema Bena, "kwa nini mmezima jua?"

Restuta alimgeuza uso kuelekea mlangoni, penye mwanga. Mboni za macho zilikuwa zimesinyaa zikawa kama tundu la sindano. Watoto wake wawili walikufa kwa homa, na homa aliijua inavyoanza na inavyomaliza. Hiki hakuwa akikijua.

Bibi Helena alichuma majani ya kivumbasi, akayaponda, akayachanganya na mafuta ya ufuta yaliyopashwa moto, akamkanda mtoto mwili mzima kama walivyokandwa watoto wa ukoo ule tangu enzi na enzi. Alimkanda huku akisali. Jioni ile hali ikawa mbaya zaidi, mtoto akawa anahema kwa kukoroma.

Walimbeba kwa baiskeli mpaka zahanati. Huko wakasema huenda ni malaria, wakamtundikia maji ya dawa, wakamlaza. Alikunywa uji mtupu, akakaa siku kadhaa, akapata nafuu, akaanza kucheka. Wakamrudisha nyumbani kwa furaha. Bibi Helena akampikia chakula kizuri, akamkanda tena ili arudishe nguvu. Kesho yake mtoto akaanguka tena.

Hapo ndipo hofu ilipoingia nyumbani ikakaa.

"Akitoka humu anapona, akirudi anaumwa," Bibi Helena alisema, akiwa amejikunyata karibu na mlango. Mikono yake mwenyewe ilikuwa imeanza kutetemeka siku hizo, na alilalamika kwamba haoni vizuri. "Kuna mtu ametia mkono katika nyumba hii, mwanangu. Mimi pia nimeshikwa."

Restuta mwenyewe kichwa kilimgonga kila siku, na chakula kilimchefua. Sipriani alirudi shambani akiwa amelegea kama mtu aliyebeba mzigo usiku kucha. Walitazamana, na kila mmoja aliona katika uso wa mwenzake kile alichokuwa akikiogopa. Usafi wake wote ule, maji ya kuchemsha, kibuyu cha kunawia, haukuwa umezuia kitu. Kama si maradhi ya uchafu, basi ni nini?

Alianza kuogopa vitu vya nyumba yake mwenyewe. Aliogopa kivuli cha mlango. Aliogopa kumwacha mtoto peke yake hata kwa muda wa kwenda chooni. Alizidi kufagia, akazidi kusugua vyombo, akafua mashuka mpaka yakachanika, na kila alipomaliza alimkanda Bena kwa mafuta, maana ndiyo dawa pekee aliyokuwa nayo mkononi.

Shaka ilipewa jina na Jerome, kaka yake Sipriani. Alikuja mchana, akaketi uani, akauliza swali moja.

"Nani anaingia humu kila siku asiye wa ukoo?"

Wote walijua. Yustina alikuwa mjane, jirani wa upande wa magharibi, mtu mzima ambaye mwanawe Leonadi alikuwa fundi baiskeli huko Mtama. Kila asubuhi alikuja kuomba moto, na Bena alimkimbilia, akamshika kanga, wakaenda pamoja kwake kula karanga. Watoto wa Yustina, isipokuwa Leonadi, walikuwa wamekufa. Mumewe alikuwa amekufa. Zamani watu walimwonea huruma kwa ajili hiyo. Sasa mambo yale yale yakageuka kuwa ushahidi.

"Anamtamani mtoto kwa sababu wake wamekwisha," alisema Jerome. "Nitamleta fundi wa kunyoa wachawi. Yustina atanyolewa, atanyweshwa dawa, mambo yaishe."

Sipriani alitazama chini. Restuta alitaka kusema kwamba Yustina ndiye aliyemshika mkono siku alipomzaa Bena. Alifungua kinywa. Lakini mle ndani Bena alikuwa akikoroma, na Restuta akafunga kinywa.

Asubuhi iliyofuata alikata matawi ya miiba, akaziba kinjia cha kwenda kwa Yustina. Yule mama alikuja na kigae chake cha kuchukulia moto, akasimama upande wa pili wa miiba.

"Mama Bena," aliita. "Habari za asubuhi, mwanangu?"

Restuta alikuwa akifagia. Hakuinua kichwa.

"Leo hata shikamoo sipati? Mtoto ameamkaje?"

"Usimuulize mtoto!" Restuta alisema kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa ni yake. "Nenda. Nakuomba nenda."

Yustina aliitazama miiba, kisha akamtazama Restuta. Alielewa. "Hata wewe, Restuta?" alisema polepole. Halafu akageuka, akaenda kwake, na siku hiyo moshi haukuonekana juu ya paa lake.

Restuta hakuweza kuvumilia tena. Alimwambia mumewe anampeleka mtoto kwa babu yake, Mzee Klementi, baba yake Restuta, huko Rondo, mpaka fundi atakapokuja na kufanya kazi yake. Sipriani alikubali. Restuta alifunga kanga zake, akambeba Bena mgongoni, na kwa kuwa si heshima kwenda kwa mzazi mikono mitupu, akajaza chupa moja ya mafuta yale ya ufuta.

Rondo, juu kwenye uwanda, kulikuwa na baridi na hewa nzuri. Mama yake Restuta alikuwa ameshafariki, na aliyekuwa akimtunza mzee ni mdogo wake Restuta, Joyce. Walimpokea kwa vigelegele.

"Mafuta mazuri hivi si ya mboga," alisema Joyce aliponusa chupa. "Nitamkandia Baba magoti yake. Baridi ya huku inamtesa."

Nyumba ile walipika kwa karanga zilizotwangwa, na chupa ya mafuta ikawekwa chumbani kwa mzee, hata Bena hakukandwa tena. Bena akala, akalala vizuri, na baada ya siku chache akawa anafukuzana na mbuzi wa babu yake. Restuta alimtazama akashusha pumzi. Alijisemea kwamba sasa amelishinda jinamizi lile, limebaki kule bondeni.

Asubuhi moja Joyce akapiga kelele.

Mzee Klementi alikuwa ameanguka kando ya kitanda. Jasho lilimtoka likalowesha shuka, mate yalimchuruzika, misuli ya mabega ilikuwa ikichezacheza. Restuta alipiga magoti, akamfunua jicho kwa kidole. Mboni ilikuwa tundu la sindano.

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Hakulia. Akili yake ilikuwa imesimama mahali pamoja. Kitu kile hakikubaki kwao. Kimekuja naye. Yustina yuko mbali, hawezi kufika huku. Aliyefika huku ni mimi. Aliyemzaa Bena na wale wawili waliokufa ni mimi. Alijitazama viganja vya mikono, na kwa mara ya kwanza aliviogopa.

Vijana wa ukoo walimbeba mzee kwa kitanda kwenda zahanati, Joyce akafuatana nao huku akijifutafuta macho kwa kanga, akisema naye haoni vizuri. Uani alibaki Sebastiani, baba yake mdogo Restuta, mtu mkali. Hakuketi.

"Restuta," alisema, "mtoto wako alikuwa mgonjwa, amepona. Kaka yangu alikuwa mzima, sasa anakufa. Nakuuliza mbele ya Mungu. Umekuja na nini hapa?"

"Sijui, Baba mdogo."

"Jua basi! Umekuja na nini?"

Akaondoka kuwafuata wenzake. Restuta alibaki na swali lile, na kwa kuwa alikuwa ameogopa kiasi cha kutoweza kufikiri kitu kingine, alilijibu kama mtoto anavyojibu darasani. Nimekuja na Bena. Nimekuja na kanga na gauni. Nimekuja na mafuta.

Aliingia chumbani kwa baba yake. Chupa ilikuwa sakafuni, karibu na kitanda, kizibo hakikukazwa vizuri na mafuta yalikuwa yametiririka kidogo mpaka chini. Kuizunguka chupa, kama shanga zilizomwagika, walikuwa wamelala sisimizi. Walikuja kufuata mafuta kama wanavyofanya siku zote, na hakuna aliyerudi. Mmoja alikuwa bado akitikisa miguu.

Alichuchumaa akawatazama. Jikoni kwake hamkuwa na sisimizi. Mende chali chini ya kinu. Paka aliyelamba chungu. Bena, akikandwa na bibi yake, akikandwa na mama yake mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa upendo wote. Alishika mdomo ili asipige ukelele.

Alimwacha Bena kwa jirani, akaikamata chupa kwa kitambaa, akakimbia mpaka zahanati bila viatu.

Tabibu wa pale aliitwa Yassin, kijana aliyehamishiwa Rondo karibuni. Alikuwa akimpima mzee joto akitikisa kichwa, kwa sababu homa haikuwapo. Restuta alimwekea chupa mezani.

"Tafadhali usiiguse," alisema akihema. "Alikandwa kwa haya. Na mtoto wangu pia. Yalikuwa kwenye dumu la dawa ya mikorosho. Nililiosha, tabibu. Wallahi nililiosha kwa majivu na sabuni." Hata hakujisikia akiapa kama majirani zake Waislamu.

Yassin alichukua tochi, akammulika mzee machoni, kisha akammulika Joyce. Uso wake ulibadilika. "Mvueni nguo zote," aliwaambia vijana. "Mwosheni kwa sabuni mwili mzima, nywele, na chini ya kucha. Haraka! Nanyi akina dada, osheni mikono mpaka kwenye viwiko." Akafungua kabati, akatoa sindano. "Sumu hii inaingia kupitia ngozi. Na plastiki inaifyonza. Ukiosha kwa maji, iliyojificha mle haitoki. Ukitia mafuta, mafuta yanaivuta."

Ilipofika alasiri mzee alikuwa amefungua macho, kinywa kimekauka, akiomba maji. Sebastiani alisimama dirishani akawapa watu mgongo, mabega yakimtikisika.

Yassin alimgeukia Restuta. "Nyumbani nani mwingine anayatumia?"

Dumu lilikuwa bado kwenye kona ya jiko. Sipriani anapikiwa kwa mafuta yale. Bibi Helena anajikanda. Na fundi wa Jerome alikuwa akitazamiwa kufika siku yoyote.

Siku hiyo hapakuwa na gari tena. Asubuhi yake, baada ya kuhakikisha Bena yuko salama na Joyce, alipata lori lililokuwa likiteremka na magunia ya ufuta. Dereva alikuwa Fakihi, mtu wa Lindi, mzungumzaji. Alimpisha mbele kwa sababu alimwona amebeba kwa uangalifu ile chupa, ushahidi wake.

"Dada, mbona unaikumbatia hiyo chupa kama mwana?"

"Ni sumu."

Fakihi alipunguza mwendo. "Basi naendesha polepole," alisema.

"Hapana," Restuta alisema. "Kimbiza, kaka yangu. Kimbiza."

Njia nzima ile ya mteremko, vumbi jekundu likiingia dirishani, aliwaza mambo mawili, akishindwa kujua lipi linamtisha zaidi: kwamba atachelewa, au kwamba atafika na itambidi aseme mbele ya wanaume wote wale kwamba aliyewatilia sumu ni yeye.

Alipofika kijijini hakuona mtu njiani, akajua. Watu wote walikuwa uani kwake. Alipasua katikati yao. Yustina alikuwa ameketi chini, amefungwa mikono kwa kamba ya katani. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imenyolewa na nusu ilikuwa bado, na palipopita wembe palikuwa na michirizi ya damu. Mbele yake fundi alikuwa akikoroga dawa ya kahawia kwenye beseni. Yustina hakuwa akilia. Alikuwa akitazama tu mbele.

Kwenye mkeka kando alilala Bibi Helena, akitetemeka mwili mzima, na binti mmoja wa ukoo alikuwa amempigia magoti akimkanda mgongo. Dumu la buluu lilikuwa wazi ubavuni mwake.

"Acheni!" Restuta alipiga ukelele. "Mwacheni Mama! Msimpake! Binti, toa mikono yako hapo!"

Watu waligeuka. Jerome alisonga mbele. "Umerudi. Vizuri. Utamwona mchawi wako akitapika."

"Hana kosa. Mfungueni." Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Sumu imo kwenye dumu. Ni mimi niliyetia mafuta humo. Nimewalisha ninyi wote. Baba yangu ameponea chupuchupu huko Rondo, naye huyu mama hajawahi hata kumwona!"

"Uchawi unaweza kutiwa ndani ya mafuta," alisema fundi bila kuacha kukoroga.

Watu wakanong'ona kukubaliana naye. Restuta aliona jambo linamponyoka. Alitazama nyuso zile moja moja mpaka akamwona aliyemtafuta, amesimama nyuma karibu na uzio, kofia mkononi.

"Shemeji Dionis," alisema. "Mbele ya Mungu. Dumu hili lilikuwa na nini?"

Dionis alilamba midomo.

"Sema!" Sipriani alinguruma. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa sauti siku ile.

"Dawa ya wadudu," alisema Dionis. "Ile kali, ya mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi. Aliyeniuzia aliniambia nisiishike kwa mikono mitupu." Akatazama kofia yake. "Nilidhani likioshwa basi. Na mimi nyumbani kwangu ninayo mawili. Tunawekea maji."

Mwanamke mmoja katikati ya umati alipiga yowe, akatoka mbio kuelekea nyumbani kwake, na mwingine akamfuata, na mwingine. Madumu yale yalikuwa yamegawiwa kijiji kizima kama zawadi. Ua ukabaki mtupu kwa dakika chache, na kutoka kila upande zikasikika sauti za akina mama wakiwaita watoto wao kwa majina.

Restuta mwenyewe ndiye aliyemfungua Yustina kamba. Fundo lilikuwa limekazwa sana, likachukua muda mrefu. Yustina hakumsaidia wala hakumzuia.

Fakihi alikubali kuwapeleka Bibi Helena na Sipriani hospitali kwa lori lile lile. Sipriani alipona. Bibi Helena alikuwa mzee, na sumu ilikuwa imemkaa mwilini muda mrefu. Alifariki asubuhi, Restuta akiwa amemshika mkono, na neno lake la mwisho lilikuwa kuuliza kama mtoto amekandwa.

Baada ya msiba kijiji kilibadilika, bila mkutano wala amri. Madumu ya dawa yalitobolewa kwa misumari yasitumike tena, yakafukiwa mbali na visima, kama tabibu Yassin alivyoagiza. Mafuta yalirudi kwenye vibuyu na chupa za kioo. Wapulizaji walikoga mtoni chini, mbali na mahali pa kuchotea maji, kabla ya kuingia nyumbani, na nguo zao za kazi zilitundikwa nje na kufuliwa peke yake, si katika beseni la nguo za watoto. Mtu akinunua dawa isiyo na maandishi, mkewe aliirudisha dukani. Restuta alikwenda nyumba hata nyumba kuyasema hayo, na watu walimsikiliza, kwa sababu walijua alichopoteza. Lakini jikoni kwake alikuwa mwoga. Alinusa kila chombo mara mbili. Alipomwona sisimizi akipanda ukutani alisimama akamtazama mpaka apite salama.

Yustina alikuwa amehama. Leonadi alikuja na baiskeli, akamchukua mama yake na godoro lake wakaenda Mtama, bila kumuaga mtu. Jerome alipeleka ujumbe wa kuomba radhi, ukarudi bila kujibiwa.

Masika yalipokaribia, Restuta alikwenda mwenyewe. Alimkuta Yustina kibarazani kwa mwanawe, amejifunga kitambaa, akichambua mchele. Alipiga magoti chini kabisa.

"Shikamoo, Mama."

Yustina alichambua kwanza punje kadhaa. "Marahaba. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Anakuulizia." Restuta alijaribu kuendelea, machozi yakamzuia. "Mama, nilikuona ukiwa upande wa pili wa ile miiba, nikajua moyoni kwamba si wewe. Nilijua. Niliogopa tu."

"Najua uliogopa," alisema Yustina. "Hata mimi niliogopa. Wote walikuwa wamenizunguka, nikawa natafuta uso wako, nikijisemea, Restuta akiwapo hawezi kukubali." Alitupa changarawe moja. "Kisha nikakumbuka miiba."

Restuta alifungua kikapu, akatoa bakuli lililofunikwa kwa kitambaa cheupe, akaliweka kibarazani. Ulikuwa wali wa nazi na kuku, aliopika alfajiri kwa mikono yake.

Yustina alilitazama bakuli kwa muda mrefu. Akaweka ungo chini, akalisukuma bakuli polepole, kwa ncha ya vidole, mpaka likarudi kwenye magoti ya mwenyewe.

"Nimekusamehe, mwanangu," alisema. "Mlete Bena anione, atakula karanga kama zamani. Lakini chakula chako sitaweza kukila. Si kwa hasira. Kila nikifikiria, koo linafunga."

Restuta aliitikia kwa kichwa. Alifunika bakuli vizuri, akalirudisha kikapuni, akabaki amekaa pale chini akimsaidia Yustina kuchambua mchele, mpaka kivuli cha nyumba kikawafikia.